Kumi na Mbili ya Nini? Kaliba, Kipenyo na Namba katika Istilahi za Bunduki za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yametokana na swali ambalo mwandishi aliulizwa akiwa likizoni nyumbani Omurushaka, mji mdogo wa wilaya ya Karagwe ambapo barabara itokayo Kyaka inaachana na ile iendayo Nkwenda, Isingiro na Murongo. Mzee mmoja jirani yetu alikuja na karatasi mbili zilizohusu shauri la mpwa wake, aliyekamatwa na bunduki ya kienyeji. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba silaha hiyo ni “gobole lenye kaliba 12”. Ya pili, iliyoandikwa na mkono mwingine, ilisema “gobole, kipenyo cha mtutu 12”. Mzee aliuliza, “Mwalimu, wewe ndiye mtu wa lugha. Kumi na mbili ya nini?”

Nilidhani ni swali la fizikia, nami nikataka kumwelekeza kwa mtu mwingine. Baada ya kulitafakari niliona kwamba ni swali la semantiki na la uundaji wa istilahi, na kwamba mimi, niliyefundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, sikuwa na jibu. Karatasi hizo mbili zimechukulia kwamba kaliba na kipenyo ni visawe. Hoja ya makala haya ni kwamba si visawe. Kwa bunduki yenye mifuo, kaliba ni jina. Kwa bunduki ya marisau, ni hesabu. Kwa mzinga, ni kijiti cha kupimia. Na kwa gobole, mara nyingi hakuna kaliba kabisa. Mfasiri anayeandika “kipenyo” kila anapokutana na neno hilo huwa ameandika mambo manne kana kwamba ni moja.

Jambo hili lilikuwa la wataalamu wachache zamani, wakati mashauri mengi yalipoandikwa kwa Kiingereza. Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 1) ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, maelezo ya kielelezo kilicholetwa mbele ya hakimu yanaandikwa na kusomwa kwa Kiswahili, na mshtakiwa anayasikia. Iwapo maelezo hayo hayalingani na chuma kilichowekwa mezani, kuna mtu atakayeumia, ama mshtakiwa ama aliyemshtaki.

2.0 Kalibu, kaliba na kalipa

Tuanze na neno lenyewe. Wanaetimolojia wengi wanakubaliana kwamba neno ambalo Waingereza, Wafaransa na Waitalia wanalitumia kwa ukubwa wa tundu la bunduki limetokana na Kiarabu qālib, yaani kifaa cha kutilia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Kiarabu nacho kililipata kutoka katika Kiyunani, ambako lilikuwa kigogo cha fundi viatu, mguu wa mti ambao ngozi hushonewa juu yake. Kutoka kigogo cha kiatu neno likahamia katika kifaa cha kumiminia risasi, na kutoka kifaa likahamia katika ukubwa wa kile kilichomiminwa humo.

Kiswahili kililichukua neno hilo mapema, moja kwa moja kutoka Kiarabu, kikapata kalibu, ambalo kamusi zetu zinalieleza kuwa ni chombo cha kutilia madini yaliyoyeyushwa, na pia tanuri. Baadaye sana, kupitia Kiingereza, likarudi mara ya pili kwa sura ya kaliba. Msomaji wa magazeti ya michezo analijua vizuri: mchezaji wa kaliba fulani, kocha wa kaliba ile. Maana ya sitiari ndiyo iliyoenea, na maana ya msingi imebaki kwa askari na wawindaji. Ndugu wa tatu ni kalipa, kifaa cha fundi mitambo cha kupimia unene na kipenyo, ambacho jina lake katika Kiingereza lilichipuka kutoka katika neno lilelile. (Wanafunzi wangu hulicheka neno hili kila mwaka, kwa kuwa kukalipa kwao ni kazi ya mwalimu. Na wale wa kwetu Karagwe, ambako Kinyambo kinaelemea kwenye /r/, wamewahi kuniandikia “karibu ya mfinyanzi wa chuma”.)

Hivyo tuna maneno matatu ya ukoo mmoja: kalibu linalotengeneza umbo, kalipa inayolipima, na kaliba inayolitaja. Kama tungekuwa tumeyatumia kwa mpango tangu mwanzo, nusu ya makala haya isingehitajika.

3.0 Waswahili walipima nini?

Ni kosa kudhani kwamba Kiswahili hakikuwa na msamiati wa bunduki hadi wataalamu wa istilahi walipokaa mezani. Msamiati ulikuwapo, tena mpana, ila haukujengwa juu ya upana wa mtutu. Bunduki lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lililomaanisha aina ya kokwa, kisha kidonge cha kurushwa. Silaha imepewa jina la kile inachokitupa. Risasi ni jina la madini kwanza, na jina la kitu kinachoua baadaye. Mtutu huitwa pia kasiba, neno lenye asili ya unyasi au mwanzi. Mzinga ni gogo lililotobolewa ndani, liwe la nyuki au la baruti.

Mgawanyo wa aina za bunduki nao ulifuata namna ya kuwasha moto na kushindilia. Kulikuwa na bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Bunduki ya fataki. Na bunduki ya viasi, iliyojazwa nyuma kwa risasi zenye maganda. Neno hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Kiasi cha bunduki, katika kamusi za zamani, ni risasi kamili pamoja na baruti yake. Neno la kipimo liligeuka kuwa jina la kitu kilichokwisha kupimwa. Mswahili wa karne ya 19 hakuuliza tundu lina upana gani. Aliuliza bunduki inakula kiasi gani.

Karagwe haikuwa nje ya historia hiyo. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, na John Hanning Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861 alikuta watu wanaoijua bunduki. Mwaka uliofuata, katika zawadi alizompa Kabaka Mutesa wa Buganda, mlikuwamo bunduki iliyoundwa na Whitworth. Kwa mwanaisimu bunduki hiyo ni darasa zima. Tundu la mtutu wa Whitworth halikuwa duara. Lilikuwa na pande sita zilizopinda kama parafujo. Upana wake ulitajwa kuwa inchi .451, yaani karibu milimita 11.5, lakini hiyo ni kutoka upande hadi upande unaoukabili. Ukipima kutoka pembe hadi pembe unapata tarakimu kubwa zaidi. Je, kipenyo cha kitu kisicho duara ni kipi? Hapo tayari kaliba ilikwisha kuwa makubaliano ya watu.

Miaka michache baadaye sheria nayo iliingia katika suala la mitutu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa, hasa zenye mifuo, katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 Kaskazini na nyuzi 22 Kusini ya Ikweta, na kuruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Nchi yetu yote imo ndani ya mistari hiyo. Hii ni mojawapo ya sababu za gobori kudumu vijijini muda mrefu baada ya kusahauliwa kwingineko, na mafundi wetu kuendelea kuliiga. (Kamusi za zamani zina gobori, magazeti na polisi husema gobole. Sina ugomvi na yeyote kati yao, nami nafuata matumizi ya sasa.)

4.0 Bunduki yenye mifuo: kaliba kama jina

Mtutu wa raifo, wa bastola na wa bunduki nyingi za kijeshi umechongwa ndani mifuo inayozunguka, ili risasi itoke ikipiga pia na kushika njia iliyonyooka. Atazamaye ndani anaona kitu kama shamba la viazi: matuta na mifereji. Basi kuna vipenyo viwili, kimoja kati ya tuta na tuta linalolikabili, na kingine, kikubwa zaidi, kati ya mfereji na mfereji. Risasi yenyewe hulingana na kile kikubwa, kwa sababu lazima ibanwe na matuta ili izunguke.

Sasa, jina linachukua kipenyo kipi? Hakuna kanuni moja. Raifo ya .303, iliyobebwa na askari wa Uingereza katika vita vyote viwili vikuu na ambayo wazee wengi wa Kagera wanaikumbuka, imeitwa kwa kipimo cha matuta, inchi .303, au milimita 7.7, risasi yake ina upana wa takriban inchi.311. Bastola iitwayo .38 Special hurusha risasi ya inchi .357 au .358, tofauti iliyobaki tangu enzi ambapo tarakimu ile ilikuwa na maana nyingine. Raifo ya .404 Jeffery, ambayo idara za wanyamapori za kikoloni ziliipenda kwa ajili ya tembo waharibifu, risasi yake ni karibu inchi .423. Kwa upande mwingine .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, ina risasi ya inchi .375 kamili. Anayesoma majina haya kama vipimo atapatia mara moja na kukosea mara tatu.

Tatizo ni zito zaidi katika silaha za kivita ambazo eneo letu limezijua kwa uchungu, tangu vita vya Kagera vya 1978 na 1979 hadi misukosuko ya nchi jirani katika miaka ya 1990. Askari wetu wanaiita SMG ile bunduki ya asili ya Kirusi au ya Kichina yenye magazini iliyopinda. Kaliba yake ni 7.62. SAR nayo ni 7.62. G3, yenye asili ya Ujerumani, ni 7.62. Bastola ya Tokarev, ambayo mtu huificha kiunoni, nayo ni 7.62. Je, risasi zake zinabadilishana? SMG na SAR ndiyo, kwa kuwa zote mbili zinatumia risasi yenye ganda la urefu wa milimita 39. Ganda la G3 lina milimita 51, la Tokarev milimita 25, na ipo ya nne, ya bunduki za rashasha kama PK, yenye milimita 54 na ukingo kwenye kitako. Tarakimu moja, risasi nne, na hakuna hata moja inayoingia ipasavyo katika chemba ya nyingine.

Kwa hiyo hati inayosema “maganda matatu ya kaliba 7.62 yaliokotwa” haijamwambia hakimu kama yalitoka katika SMG au katika bastola. Kaliba kamili ni 7.62 × 39, na alama ile ya kati haitendi kazi ya kuzidisha. Inaunganisha sehemu mbili za jina, kama jina la mtu na la baba yake. Nimewasikia wakalimani wazuri wakiisoma “saba nukta sita mbili mara thelathini na tisa”. Msikilizaji makini angeweza kukokotoa jibu.

Katika kundi hili, basi, kaliba ni jina la ukoo wa risasi. Limezaliwa na kipimo, lakini halikipimi tena chochote, kama vile mtoto aitwaye Kamugisha haitwi hivyo baada ya watu kuipima baraka yake.

5.0 Bunduki ya marisau: kaliba kama hesabu

Mtutu wa bunduki ya marisau, ambayo wengi sasa huiita shotigani, kwa kawaida ni laini ndani. Hapa watu hutaja namba: namba 12, namba 16, namba 20. Mgeni hudhani kwamba namba 20 ni kubwa kuliko namba 12. Ni kinyume chake, na sababu yake inapendeza.

Chukua ratili moja ya risasi, yaani ya madini ya risasi, gramu 453.6. Igawanye katika mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu ulifinyange liwe tufe. Mtutu ambao tufe hilo linapita likiugusa ndio mtutu wa namba 12. Ukiigawanya ratili hiyohiyo katika mafungu 20, kila tufe linakuwa dogo, na mtutu wake mwembamba. Anayetaka kuhakikisha anaweza kufanya hesabu: fungu moja la kumi na mbili ni gramu 37.8, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.34, tufe lina ujazo wa sentimita 3.33, na kipenyo chake ni milimita 18.5. Kwa namba 16 utapata 16.8, na kwa namba 20 utapata 15.6. Wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walibeba bunduki za namba 8 na hata namba 4, ambayo mtutu wake ni karibu milimita 26.7, upana ambao kidole gumba kingezama humo na kubaki na nafasi.

Basi “12” hapa si milimita wala si inchi. Ni idadi ya matufe katika ratili. Ni tarakimu isiyo na kizio, na ndiyo sababu kuiita kipenyo ni kosa la kifasili, si la mtindo tu. Kuna kighairi kimoja kinachojulikana, bunduki ndogo ya marisau iitwayo .410, ambayo hiyo kweli imeitwa kwa kipenyo cha inchi. Ingehesabiwa kwa ratili ingekuwa karibu namba 67.

Inafaa kutambua kwamba mfumo huu unafanana sana na ule wa kiasi. Wote wawili wanapima bunduki kwa kile inacholishwa. Mzee wa Kafuro mwaka 1861 angeuelewa mfumo wa ratili bila kufundishwa, maana ratili aliijua na risasi aliijua. Mfumo wa milimita ndio ungemshangaza.

6.0 Mzinga: kaliba kama kijiti cha kupimia

Kwa mizinga nitakuwa mfupi. Ya zamani iliitwa kwa uzito wa tufe lake. Mizinga ya kisasa inaitwa kwa kipenyo, lakini kaliba yake ina kazi ya pili. Katika ngome ya Fort Jesus, Mombasa, umewekwa mzinga mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na yenyewe ikaangamia Rufiji Julai 1915. Ni mzinga wa sentimita 10.5, na Wajerumani waliandika mbele yake L/40. Maana yake ni kwamba urefu wa mtutu ni kaliba 40, yaani sentimita 10.5 mara 40, mita 4.2. Hapa kaliba imekuwa kizio, kama pima au shibiri, ila shibiri ya mzinga huo peke yake. Sentensi “mzinga wa kaliba 40” haisemi lolote kuhusu upana.

7.0 Gobole, na swali la mzee

Turudi Omurushaka. Gobole la kienyeji halina ukoo wa risasi, kwa hiyo halina kaliba kwa maana ya sehemu ya 4.0. Linashindiliwa kutoka mdomoni baruti, kitambaa, na chochote kilichopatikana: vipande vya nondo, gololi za baiskeli. Mtutu wake mara nyingi ni bomba lililotengenezwa kwa kazi nyingine. Fundi aliyelifua hakukusudia namba yoyote. Alitumia bomba lililokuwapo.

Kwa sababu hiyo “12” ya karatasi zile ingeweza kuwa mambo matatu. Huenda mwandishi wa kwanza aliona mtutu laini, akaulinganisha na bunduki ya marisau, akaandika namba 12. Basi upana ni milimita 18.5. Huenda wa pili alipima kweli, akapata milimita 12. Lakini lipo la tatu, ambalo nilifundishwa na fundi bomba mmoja sokoni. Bomba la maji la chuma liitwalo la nusu inchi halina nusu inchi popote: nje lina takriban milimita 21, na ndani karibu 16. “Nusu inchi” ni jina la biashara. Mtu aliyeambiwa kwamba mtutu ni bomba la nusu inchi, akaigeuza nusu inchi kuwa milimita 12.7, akaacha nukta, angepata 12 bila kugusa silaha. Kati ya milimita 12 na 18.5 kuna tofauti ambayo hata macho bila kifaa yanaiona, na wakili yeyote ataiona.

Mapendekezo yangu yanatokana na hali hii. Neno kaliba libakizwe kwa jina la ukoo wa risasi, na liandikwe kamili pamoja na urefu wa ganda pale jina linapodai hivyo. Namba itumike kwa bunduki za marisau, kama wawindaji wanavyoitumia tayari, na kamusi zieleze kwamba ni hesabu ya ratili. Kipenyo cha mtutu kitumike pale tu mtu alipopima, na kisiandikwe kamwe bila kizio wala bila kusema kimepimwa wapi: mdomoni, kati ya matuta, au kati ya mifereji. Kwa gobole iandikwe “mtutu laini, wa kushindiliwa mdomoni”, kisha kipenyo, na neno kaliba liachwe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu silaha za aina zote hizi, na wanaoitekeleza wanahitaji maneno yanayozitenganisha. Sioni haja ya kubuni istilahi mpya hata moja. Kuna wenzangu watakaopendelea kufufua kiasi mahali pa kaliba. Nalipenda wazo hilo kwa moyo, lakini neno hilo limekwisha kuelemewa na maana nyingine mno, na hakimu hana muda wa kuuliza ni kiasi kipi.

Mzee alirudi siku ya tatu. Nilimweleza yote haya, kuanzia ratili hadi bomba, naye alisikiliza kwa subira. La bomba alilielewa mara moja, kwa kuwa aliwahi kuvuta maji nyumbani kwake na kurudishwa dukani mara mbili. Kisha akauliza kama kuna yeyote, kati ya walioandika karatasi zile na mimi niliyezisoma, aliyeutia kalipa mtutu wenyewe. Kwa upande wangu sikuwa nimeuona. Ulikuwa umefungiwa pamoja na vielelezo vingine, na tarehe ya kutajwa kwa shauri ilikuwa bado wiki mbili.